Folda Imekwenda Wapi? Windows, Linux na Mac Katika Hifadhi Moja

Tuchukue ofisi yenye seva moja na kompyuta za aina tatu. Mwenye Windows akifungua folda ya pamoja anahesabu folda 12 ndani yake. Mwenye Mac anahesabu 11. Mwenye Ubuntu anakuta patupu. Malalamiko yao ni neno lile lile, "imepotea", na kabla ya chai ya saa nne ofisi nzima iko katika kutafuta mchawi: mhasibu anaulizwa jana alitoka saa ngapi, kijana wa mafunzo kwa vitendo anatazamwa kwa jicho baya, na fundi aliyeitwa anaanza kwa kuzima seva na kuiwasha tena.

Ushauri unaotolewa katika hali kama hii hupingana. Mmoja husema folda imefutwa, kwa hiyo rudisha nakala ya akiba. Mwingine husema tatizo ni ruhusa, mfungulieni kila mtu kila kitu. Wa tatu hulaumu Windows mpya na kutaka itifaki ya zamani irudishwe. Kila mmoja wao alishawahi kuwa sahihi siku fulani, ndiyo maana haachi kauli yake. Shida ni kwamba tiba inayofaa kisa kimoja inaweza kuangamiza kazi za watu katika kisa kingine, na hilo ndilo linalofanya suala hili listahili kupimwa kwa utulivu.

Lugha mbili zilizozaliwa mbalimbali

Chanzo cha mkanganyiko ni cha kihistoria. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Barry Feigenbaum wa IBM alibuni SMB, itifaki ya kuwezesha kompyuta ndogo za ofisini kufungua mafaili yaliyo kwenye mashine nyingine. Microsoft waliichukua, wakaipanua, na ikawa lugha ya Windows hadi leo. Wakati huohuo, mwaka 1984, Sun Microsystems walitoa NFS kwa ajili ya mashine za Unix. SMB ilikulia katika dunia ambayo mtu hutambuliwa kwa jina na nenosiri. NFS ilikulia katika dunia ya wahandisi walioaminiana, ambako seva iliiamini kompyuta ya mteja iliposema tu, "anayeomba ni mtumiaji nambari 1000".

Daraja kati ya dunia hizi lilijengwa na Andrew Tridgell, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia huko Canberra. Programu aliyoianza miaka ya 1991 na 1992 iliiwezesha mashine ya Unix kuzungumza SMB. Jina lake la awali lilikuwa na mwenyewe kisheria, hivyo akatafuta katika orodha ya maneno neno lenye herufi S, M na B kwa mfuatano huo, akapata Samba. Leo vifaa vingi vya hifadhi vinavyouzwa madukani, vile visanduku vyenye diski mbili au nne, ndani yake ni Linux inayoendesha Samba. Apple nao walikuwa na itifaki yao, AFP, lakini tangu toleo la Mavericks la mwaka 2013 Mac hutanguliza SMB.

Kwa hiyo ofisi inayosema "tuna folda moja" kwa kweli ina tafsiri tatu za folda hiyo. Diski inasema lake, programu ya seva inalitafsiri kwa mtandao, na kila kompyuta inalitafsiri tena kwa mtumiaji wake. Folda inaweza kutoonekana kwa sababu ya yoyote kati ya hatua hizo, na macho ya mtumiaji hayawezi kuzitofautisha.

Neno moja, hali nne

Kabla ya kupima rai yoyote, neno "imepotea" linapaswa kuvunjwavunjwa. Kuna folda isiyotokea kabisa kwenye orodha. Kuna folda inayotokea lakini ndani ni tupu. Kuna inayotokea lakini inakataa kufunguka. Na kuna folda ambayo kweli haipo tena kwenye diski. Hali hizi nne zina vyanzo tofauti kabisa, na ajabu ni kwamba watu wengi hupiga simu kwa fundi bila kusema ni ipi, na mafundi wengi hawaulizi.

Hali ya tatu ndiyo rahisi kuliko zote, kwa kuwa mfumo umekataa waziwazi na ujumbe wake unaweza kusomwa. Taabu iko kwenye mbili za kwanza, pale mfumo unaponyamaza. Mtumiaji hawezi kujua kama ukimya huo maana yake ni "hakuna" au ni "kipo lakini si chako".

Rai ya kwanza: imefutwa

Rai hii ndiyo ya watumiaji wengi, na ina msingi. Faili au folda ikifutwa kupitia mtandao haiendi kwenye pipa la takataka la kompyuta ya aliyefuta. Inaondoka moja kwa moja. Samba inaweza kuwekewa pipa lake kupitia moduli iitwayo "recycle", na seva za Windows zina utaratibu wa matoleo ya awali tangu Windows Server 2003, lakini vyote viwili vinahitaji mtu aliyevipanga mapema.

Hata hivyo, wanaoshikilia rai hii husahau tukio jingine linalofanana sana na kufuta: kuhamisha bila kukusudia. Mtu anabofya folda mara mbili kwa haraka, mkono unateleza kidogo, na folda inaburutwa hadi ndani ya jirani yake. Windows huhesabu kwamba umeanza kuburuta pale kipanya kinaposogea nukta 4 tu za kioo. Na kwa kuwa folda imehamia mahali pengine ndani ya hifadhi ileile, seva hainakili chochote. Inabadilisha anwani tu. Folda ya gigabaiti 40 huhama kwa muda uleule wa folda yenye barua moja, bila kielelezo cha maendeleo ambacho kingemshtua mhusika. Aliyeihamisha huendelea na kazi akiwa hana habari, na akiulizwa anaapa kwa dhati kwamba hakugusa kitu.

Ndiyo maana udhaifu mkubwa wa rai ya kufutwa uko kwenye tiba yake. Ukirudisha nakala ya usiku wa jana wakati folda halisi imekaa ndani ya jirani, sasa una folda mbili zenye jina moja, kila moja ikiwa na kitu ambacho nyingine haina. Wafanyakazi wataanza kuandika kwenye ile iliyorudishwa, na baada ya wiki mbili mtu ataikuta ile nyingine. Kuziunganisha ni kazi ya siku kadhaa. Utafutaji wa jina kwenye seva yenyewe, kwa amri kama "find" yenye kigezo cha kutojali herufi kubwa na ndogo, huchukua dakika chache na unapaswa kutangulia urejeshaji wowote.

Rai ya pili: ni ruhusa

Hii ndiyo rai ya mafundi, na kwa idadi ya visa huenda ndiyo yenye nguvu zaidi. Kwenye Linux folda ina ruhusa za kusoma, kuandika na kupita. Anayeweza kusoma lakini hawezi kupita anaona majina bila kuvifikia vilivyo na majina hayo. Windows ina orodha ndefu zaidi ya ruhusa, zinazorithiwa kutoka folda mama, na urithi huo hukatika kirahisi folda inapohamishwa.

Juu ya hapo kuna ufichaji wa makusudi. Tangu pakiti ya kwanza ya huduma ya Windows Server 2003, Microsoft waliwapa wasimamizi uwezo wa kumficha mtumiaji folda zote asizoruhusiwa kusoma. Samba nayo ina kigezo "hide unreadable" chenye kazi hiyohiyo. Hoja ya kuvitumia ni nzuri: kwenye hospitali au ofisi ya wanasheria, hata jina la folda ni siri. Kuona folda iitwayo "Kesi ya kumfukuza fulani" ni habari tosha, hata kama haifunguki. Gharama yake ni kwamba kosa dogo la ruhusa sasa halileti tena ujumbe wa kukataliwa. Linaleta ukimya, na ukimya hutafsiriwa kuwa wizi au ufutaji.

Kwa NFS mambo huwa magumu kwa namna nyingine. Mtumiaji wa kwanza wa Ubuntu kwa kawaida hupewa nambari 1000. Wa kwanza wa Mac hupewa 501. Mtu mmoja mwenye mashine zote mbili ni watu wawili mbele ya seva ya NFS ya mtindo wa kawaida, kwa sababu seva hutazama nambari, haitazami jina. Uko pia mpaka wa kale usiojulikana sana: utambulisho huo wa kawaida wa NFS hubeba makundi 16 tu ya mtumiaji. Meneja aliyeongezwa kwenye kundi la 17 anaweza kunyimwa folda ambayo kila karatasi ya ofisi inasema ni haki yake, na fundi akikagua ruhusa anaona zote ziko sawa.

Na kuna lindo la pili kwenye familia ya Red Hat na Fedora, SELinux, ambalo huweka lebo kwenye kila faili. Folda iliyoundwa nyumbani kwa mtumiaji kisha ikahamishwa kwa amri ya "mv" hadi kwenye hifadhi ya pamoja hubaki na lebo ya zamani, na Samba inazuiwa kuigusa. Ingenakiliwa kwa "cp", ingepata lebo ya mahali ilipofika. Amri ya "ls -Z" huonyesha lebo hizo, na "restorecon" huzirekebisha iwapo kanuni ya mahali hapo imekwisha kuandikwa.

Rai ya ruhusa, basi, inaeleza mengi. Tatizo ni tiba yake maarufu: "chmod 777", au kumpa "Everyone" udhibiti kamili. Tiba hiyo haigusi lebo za SELinux hata kidogo. Wala haisaidii ikiwa diski haipo. Na pale inapofanya kazi, imekifungulia mlango pia kile kirusi cha kudai fidia kitakachoingia kupitia kompyuta ya mapokezi. Fundi anayeitumia kama kipimo cha dakika tano hana budi kuirudisha ilivyokuwa. Uzoefu wa ofisi nyingi ni kwamba hairudishwi kamwe.

Rai ya tatu: ni Windows mpya

Wenye rai hii hutoa ushahidi mmoja: jana ilionekana, Windows ikajisasisha usiku, leo haionekani. Ushahidi huo mara nyingi ni wa kweli. Toleo la kwanza la SMB lina mashimo ya usalama ambayo Mei 2017 yaliruhusu kirusi cha WannaCry kusambaa duniani na kuzilazimisha hospitali za Uingereza kuwaelekeza wagonjwa kwingine. Tangu Windows 10 toleo la 1709 la Oktoba mwaka huo, SMB ya kwanza haiwekwi tena kwa kawaida katika usakinishaji mpya. Samba nayo iliizima kwenye toleo la 4.11 la mwaka 2019. Kifaa cha hifadhi cha mwaka 2009 kisichojua lugha nyingine kikabaki bubu mbele ya kompyuta mpya.

Lakini SMB ya kwanza ilipoondoka ilichukua na kitu cha pili ambacho watu hawakujua kimefungamana nayo: ile huduma ya zamani iliyokuwa ikiorodhesha kompyuta kwenye dirisha la mtandao la Windows. Windows ya sasa hutafuta wenzake kwa njia nyingine iitwayo WS-Discovery. Samba yenyewe haisemi lugha hiyo mpaka iwekewe programu ndogo ya pembeni kama wsdd. Mac na Linux hutafutana kwa njia ya tatu kabisa, ile ya Bonjour na Avahi. Matokeo yake, seva nzima inaweza kutoonekana kwenye dirisha la mtandao huku ikiwa hai na tayari kuhudumu. Andika anwani yake moja kwa moja kwenye upau wa juu, mikwaju miwili ya nyuma kisha jina au nambari ya IP, na folda zinatokea zote. Kutoonekana kwenye orodha ya jirani si kutokuwepo, na jaribio hili la sekunde kumi lingeokoa visa vingi vya kurudisha SMB ya kwanza bila sababu.

Suala jipya zaidi ni mgeni asiye na nenosiri. Windows 11 toleo la 24H2, katika matoleo ya Pro, Education na Enterprise, hudai kwamba mazungumzo ya SMB yatiwe sahihi, na haimkubali tena mgeni asiye na nenosiri. Mgeni hawezi kutia sahihi, kwani sahihi hutokana na nenosiri. Ofisi ndogo zilizokuwa na folda ya "wote waingie" zimegonga ukuta huu. Tiba iliyo sawa ni kuunda mtumiaji halisi kwenye seva na kumpa nenosiri. Kuzima ulinzi kwenye kompyuta ishirini ili kumwokoa mgeni mmoja ni kubeba hatari ambayo haihitajiki.

Nani basi abebe gharama kwa kifaa cha zamani kinachojua SMB ya kwanza pekee, kama ile mashine ya kunakili na kuskani iliyo katikati ya ofisi? Kuitupa ni fedha nyingi. Msimamo unaoweza kutetewa ni kuiwekea seva ndogo ya kati, yenye folda moja ya kupokea karatasi zilizoskaniwa na isiyohifadhi kitu kingine, ili ulegevu ubaki kwenye chumba kimoja.

Chanzo kinachosahaulika: diski haijapachikwa

Katika mabishano ya rai hizo tatu, chanzo kilicho hatari kuliko vyote hupita bila kutajwa. Kwenye Linux diski haina herufi kama D au E. Hupachikwa juu ya folda fulani, tuseme /srv/ofisi. Folda hiyo ipo hata kabla ya diski kupachikwa, ikiwa tupu. Samba inaambiwa itoe /srv/ofisi kwa mtandao. Haijali kama nyuma yake kuna diski ya terabaiti 4 au kuna shimo.

Umeme unakatika, jambo ambalo kwetu halihitaji maelezo. Unarudi, seva inawaka, lakini diski ya nje inachelewa kuamka, au imepata hitilafu, au jina lake limegeuka kutoka sdb kuwa sdc. Seva inamaliza kuwaka na kutoa kwa mtandao folda tupu. Watumiaji wote, wa Windows, wa Mac na wa Linux, wanaona hifadhi imefagiliwa. Kufikia hapo hakuna kilichoharibika. Uharibifu unaanza pale mtu mwenye nia njema anapounda upya folda za "Mishahara" na "Mikataba" na watu wakaanza kuweka kazi humo. Kazi hizo zinakaa kwenye diski ndogo ya mfumo. Siku diski kubwa inapopachikwa tena, inafunika kila kilichoandikwa chini yake. Folda za zamani zinarudi, na kazi ya siku tatu inatoweka, ikiwa hai chini ya diski iliyopachikwa juu yake. Kibaya zaidi, programu ya nakala za akiba inayoakisi chanzo inaweza kuona hifadhi tupu usiku wa kwanza na kufuta nakala zote ili zifanane na utupu huo.

Hapa kuna mvutano wa kweli wa usanifu. Kwenye faili la fstab kuna chaguo la "nofail" linaloiambia seva iwake hata diski ikikosekana. Bila chaguo hilo, diski moja ikigoma seva hukwama kwenye hali ya dharura, na kama iko chumba kilichofungwa wilayani, mtu lazima asafiri. Ukilitumia, seva inawaka na unaweza kuifikia kutoka mbali, lakini inatoa utupu kwa watumiaji. Wasimamizi wamegawanyika juu ya hili, na kila upande una haki yake.

Njia ya kuukwepa mvutano huo ipo na haigharimu kitu. Iache seva iwake, lakini ikataze Samba kuhudumu hadi diski iwepo. Systemd ina agizo la "RequiresMountsFor" kwa kazi hiyohiyo. Ile folda tupu ya chini ifungwe kwa "chattr +i" kabla diski haijapachikwa, ili hata mkuu wa mfumo asiweze kuandika humo kwa bahati mbaya. Na diski itambuliwe kwa UUID yake, isiitwe kwa jina linalobadilika. Mistari mitatu ya usanidi, na aina nzima ya msiba inaondoka.

NFS ina jamaa wa tatizo hili. Ikiwa ndani ya folda iliyotolewa kuna diski nyingine iliyopachikwa, mteja wa NFS ya matoleo ya zamani anaona jina la folda hiyo, lakini ndani anakuta tupu, kwa sababu seva haivuki mpaka wa diski hadi ielekezwe kwa chaguo kama "crossmnt". Kwenye seva yenyewe mafaili yapo. Huyo ndiye mwenye Ubuntu wa mfano wetu wa mwanzo, au mmoja wa pacha wake.

Majina yanayokubalika upande mmoja

Yule mwenye Mac aliyehesabu 11 ana kisa chake. Linux hutofautisha "Ripoti" na "ripoti". Windows haitofautishi, na Mac kwa kawaida pia haitofautishi. Zikiwepo zote mbili kwenye seva, zinaweza kuorodheshwa kama mbili na kufunguka kama moja, au moja isionekane. Mafaili ya ile nyingine yako salama lakini hayafikiki hadi mtu abadilishe jina kwenye seva.

Windows hukataa alama kama ya kuuliza na nyota kwenye majina, na haiwezi kushughulikia jina linaloishia na nafasi tupu au nukta. Mac na Linux huruhusu. Mtu anayenakili jina kutoka kwenye barua pepe na kubeba nafasi tupu mwishoni huunda folda ambayo Samba italazimika kuipa jina la kubuni la herufi nane ili Windows iielewe, kitu kama RTV8S9~K. Mtumiaji wa Windows anatafuta "Ripoti", haioni, na hana sababu ya kudhani kwamba ile takataka ya herufi ndiyo yenyewe. Akiifuta kwa kusafisha, rai ya kwanza imetimia.

Kwa ofisi za Bujumbura, Kigali au Goma zinazochanganya Kiswahili na Kifaransa kuna tanzi la ziada. Herufi é inaweza kuandikwa kama herufi moja, au kama e ikifuatwa na alama ya mkazo. Mfumo wa zamani wa diski za Mac, HFS+, ulihifadhi kwa njia ya pili. Linux na Windows kwa kawaida huandika kwa njia ya kwanza. Kwa jicho ni "Données" ileile. Kwa kompyuta ni majina mawili, na programu ya kusawazisha inaweza kuyachukulia hivyo.

Orodha hii ingeweza kuendelea: folda zinazoanza na nukta, ambazo Samba huzionyesha kwa Windows kama zilizofichwa, njia ndefu kupita herufi 260, mpaka wa kale wa programu nyingi za Windows, viungo vya Linux vinavyoelekeza nje ya folda ya pamoja, ambavyo Samba kwa usalama hukataa kuvifuata.

Kuhusu kusubiri

Ipo rai ya nne, ya kimyakimya: subiri, itarudi. Kompyuta za wateja hukumbuka orodha ya folda kwa muda ili zisiisumbue seva. Windows hukaa na kumbukumbu hiyo kwa sekunde 10 hivi. NFS kwenye Linux hukaa kati ya sekunde 30 na 60 kwa orodha za folda. Takwimu hizi zinaipa rai hii mpaka wake. Folda mpya isiyoonekana kwa mwenzako kwa nusu dakika ni jambo la kawaida. Isiyoonekana baada ya dakika tano ina sababu nyingine, isipokuwa kompyuta iwe imewashiwa huduma ya mafaili ya nje ya mtandao, ambapo mtumiaji anaweza kutazama nakala yake ya ndani siku nzima akidhani ni seva.

Tuiweke hapa pia herufi ya diski inayopotea ndani ya programu moja tu. Windows hutenganisha kikao cha kawaida na kikao cha msimamizi. Diski ya mtandao iliyounganishwa kwenye kikao cha kwanza haionekani kwa programu iliyofunguliwa kama msimamizi, hata kama mtu ni yuleyule na kioo ni kilekile. Fundi akifungua programu ya uhasibu "kama msimamizi" ili arekebishe jambo, anaweza kulizua tatizo analolitafuta.

Kupima rai

Nikizipima, rai ya ruhusa inaeleza visa vingi zaidi, rai ya Windows mpya inaeleza visa vinavyotokea kwa kundi la watu kwa mkupuo mmoja, na rai ya kufutwa inaeleza vichache kuliko watumiaji wanavyodhani. Lakini kinachopaswa kuamua ni nini kinachopotea ukikosea, zaidi ya wingi wa visa. Ukikosea kwa kudhani ni ruhusa wakati ni Windows, umepoteza saa moja. Ukikosea kwa kudhani imefutwa wakati diski haijapachikwa, unaweza kupoteza kazi na nakala zake pamoja.

Kwa hiyo uchunguzi uanzie upande wenye hatari kubwa na uende upande wa usumbufu mdogo. Kwanza watu waache kuandika, na kazi ya nakala za akiba ya usiku isimamishwe. Kisha fundi atazame kwenye seva yenyewe, bila kupitia mtandao, kama diski imepachikwa. Amri za "mountpoint" na "df" zinatosha. Ikiwa imepachikwa, atafute folda kwa jina kwenye diski nzima. Ikiwa haipo popote, hapo ndipo suala la kufutwa linapoanza. Ikiwa ipo, tatizo ni la tafsiri, na swali linalofuata ni nani asiyeiona. Mtu mmoja kwenye kompyuta zote huelekeza kwenye ruhusa. Watu wote kwenye kompyuta moja huelekeza kwenye kompyuta hiyo. Watu wote wa mfumo mmoja huelekeza kwenye itifaki au majina. Na wote kabisa, huku folda ikiwepo kwenye diski, huelekeza kwenye usanidi wa seva, lebo, au kiungo kisichofuatwa.

Mambo ya kupanga kabla ya tukio nayo yana bei zake. Itifaki moja kwa ofisi yenye mchanganyiko, nayo iwe SMB, ni bora kuliko kutoa folda ileile kwa SMB na NFS kwa pamoja, kwani itifaki hizo hazifungi mafaili wala hazitambui watu kwa namna moja. NFS ibaki kwa mashine za Linux zinazozungumza zenyewe kwa zenyewe. Kumbukumbu ya nani alihamisha au kufuta nini, ambayo Samba huiweka kupitia moduli ya "full_audit", hujaza diski na huwafanya watu wajisikie wanachunguzwa, lakini pia ndiyo inayomwondolea kijana wa mafunzo shutuma ambayo hakustahili. Katika ofisi iliyokwisha kugombana mara moja juu ya folda, ningeiwasha kwa matukio mawili tu, kuhamisha na kufuta, na ningewaambia wafanyakazi wote kwamba imewashwa.

Juu ya ufichaji wa folda zisizoruhusiwa, ningeuacha uwashwe pale tu ambapo jina lenyewe la folda ni siri, na kuuzima kwingine kote. Mhasibu anayekutana na ujumbe wa kukataliwa humpigia fundi simu akiwa na swali linalojibika: kwa nini siruhusiwi kuingia "Mishahara"?